Pima Kabla ya Kulalamika: Matumizi ya Seva Ndogo ya Majaribio Nyumbani na Ofisini



Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni matumizi ya seva ndogo, inayoendeshwa kwa amri chache za maandishi, kwa ajili ya kuupima mtandao na kutafuta kasoro ilipo. Tumelichagua jambo hili kwa sababu linagusa fedha zenu na haki zenu. Anayelipia intaneti kila mwezi anastahili kupata alicholipia. Lakini haki hiyo huwa ngumu kuidai iwapo mdai hawezi kuonyesha amepungukiwa na nini, wapi, na lini.

Mabishano juu ya kasi ya intaneti hufuata mkondo uleule. Mtumiaji husema, "Intaneti yenu ni ya polepole." Mtoa huduma hujibu, "Huku kwetu kila kitu kiko sawa. Kagua kifaa chako." Kila upande una hakika na usemi wake, lakini hakuna aliyeshika kipimo. Mwisho wake mtumiaji hununua kifurushi kikubwa zaidi, au ruta mpya, na kasoro hubaki palepale kwa kuwa haikuwa katika kile alichokibadilisha. Hapo ndipo hasara inapoanzia, na hiyo ndiyo tunayotaka kuizuia.

Njia ya data ina vipande vitatu

Kabla ya kupima, ni vyema kuifahamu njia inayopimwa. Kipande cha kwanza ni kutoka simu au kompyuta yenu hadi kwenye ruta, iwe kwa Wi-Fi au kwa waya. Kipande cha pili ni kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, kwa mkongo, kwa waya wa shaba au kwa mnara wa simu. Kipande cha tatu ni kutoka kwa mtoa huduma hadi tovuti mnayoitafuta, ambayo mara nyingi iko ng'ambo ya bahari.

Wenye dhamana ya vipande hivi hawafanani. Cha kwanza kimo ndani ya kuta zenu. Kuta hizo, umbali, na vifaa mlivyonunua wenyewe huamua mengi. Cha pili ni cha mtoa huduma. Cha tatu hushirikisha wengi, zikiwemo kampuni za mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, watu wengi wa Afrika Mashariki waliona intaneti imezorota. Siku ile, aliyehangaika kuzima na kuwasha ruta yake alijichosha bure, kwa sababu tatizo lilikuwa baharini. Lakini siku nyingine dalili hiyohiyo huletwa na ukuta wa matofali uliosimama kati ya ruta na chumba cha kulala. Dalili ni moja, sababu ni mbalimbali.

Tovuti za kupima kasi, ambazo wengi wenu mnazijua, zina manufaa, ila zina upungufu mmoja: hupima vipande kwa pamoja na kuwapa tarakimu ya jumla. Tarakimu hiyo ikiwa ndogo, haisemi ni kipande kipi kilichoipunguza. Seva ndogo ya majaribio hutuwezesha kukipima kipande cha kwanza peke yake. Na kwa kuwa data za kipimo hicho hazitoki nje ya ruta, hazipunguzi kifurushi chenu hata kidogo.

Seva ni nini?

Neno seva huwafanya wengi wafikirie chumba chenye baridi kali na mashine zenye taa zinazomweka. Kimsingi, seva ni programu inayokaa ikisubiri kuulizwa, na ikiulizwa hujibu. Programu hiyo yaweza kuendeshwa katika kompyuta mpakato ya kawaida, juu ya meza ya chakula. Inayokusudiwa hapa ni nyepesi: haina picha wala vitufe vya kubofya. Huamriwa kwa kuandika mstari mmoja katika dirisha la amri, na huzimwa kwa kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Mnahitaji vifaa viwili vilivyounganishwa katika ruta moja. Kimoja kitakuwa seva, kingine kitakuwa muulizaji. Kwanza tafuteni anwani ya IP ya kile kitakachokuwa seva. Katika Windows andikeni ipconfig. Katika Linux andikeni ip addr. Anwani za mitandao ya nyumbani kwa kawaida huanza na 192.168 au 10. Katika maelezo yetu tutatumia 192.168.1.5 kama mfano. Ninyi mtaweka ile mliyoikuta.

Jaribio la kwanza: je, maombi yanafika?

Chombo cha kwanza kimo ndani ya Python, lugha ya programu inayopatikana bila malipo na ambayo mara nyingi huwa tayari imo katika kompyuta za Linux. Tengenezeni folda mpya iliyo tupu, wekeni ndani yake faili moja isiyo na siri yoyote, kisha fungueni dirisha la amri ndani ya folda hiyo na mwandike:

python3 -m http.server 8000

Katika Windows, amri hiyo huanza kwa py badala ya python3. Tangu hapo kompyuta hiyo ni seva. Namba 8000 ni ya mlango ambao seva inasikiliza. Chukueni simu iliyo katika Wi-Fi ileile, fungueni kivinjari, na mwandike http://192.168.1.5:8000. Zingatieni kwamba ni http bila herufi s mwishoni, kwani seva hii haitumii usimbaji.

Sasa tazameni sehemu mbili kwa pamoja: kioo cha simu na dirisha la amri. Kila ombi linalofika, seva huliandika katika mstari wake, pamoja na anwani ya aliyeomba, saa, na namba ya jibu. Yapo matokeo manne yanayoelekea kutokea.

La kwanza, simu inaonyesha orodha yenye faili yenu, na dirisha linaonyesha namba 200. Maana yake simu, Wi-Fi na ruta vinawasiliana vizuri. Ikiwa tovuti za nje hazifunguki wakati huohuo, kasoro itafutwe mbele ya hapo.

La pili, dirisha linaonyesha namba 404. Ombi limefika, ila faili iliyoombwa haipo. Hilo si tatizo la mtandao. Yawezekana jina limekosewa.

La tatu, dirisha linaonyesha namba 400 pamoja na herufi zisizosomeka. Hapo mara nyingi kivinjari kimejaribu kutumia https. Andikeni anwani upya kwa http.

La nne, simu inasubiri bila kikomo na dirisha halionyeshi chochote. Maana yake ombi halikufika kwenye seva. Kagueni kama vifaa vyote viwili vimo katika mtandao mmoja. Mtandao wa Wi-Fi wa wageni mara nyingi hupangwa makusudi ili vifaa visionane. Kagueni pia kama ukuta wa moto wa kompyuta umezuia mlango 8000.

Seva hiyohiyo yaweza kupima kasi kwa msaada wa saa tu. Wekeni katika folda faili ya megabaiti 100, kisha muipakue kutoka kompyuta ya pili huku mkihesabu sekunde. Ikichukua sekunde 40, mmepata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Hapa tuwe waangalifu, kwani watumiaji wengi hujikuta wakilalamika pasipo sababu: watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Megabaiti 2.5 kwa sekunde ni sawa na megabiti 20 kwa sekunde. Aliyelipia megabiti 20 na kuona faili ikishuka kwa megabaiti 2.5 hajapunjwa, amepata kamili.

Jaribio la pili: kasi ni kiasi gani?

Chombo cha pili huitwa iperf3, kilichotengenezwa kwa ajili ya kupima uwezo wa mtandao tu. Programu hii ni huria, na hutunzwa na ESnet, mtandao wa utafiti wa kisayansi wa Marekani. Katika Linux za jamii ya Debian na Ubuntu husakinishwa kwa amri sudo apt install iperf3. Kwa mifumo mingine, ipakueni kutoka hazina inayoaminika tu, wala msikubali faili za kutumiwa na mtu msiyemjua.

Katika kompyuta ya kwanza andikeni iperf3 -s. Itasubiri katika mlango 5201. Katika kompyuta ya pili andikeni iperf3 -c 192.168.1.5. Kipimo huchukua sekunde 10, kisha hutoa wastani wa kasi. Kipimo hicho hutuma data kutoka kompyuta ya pili kwenda kwenye seva. Ili kupima upande wa pili, ongezeni -R mwishoni. Msipuuze kupima pande zote mbili, kwani kupokea kwaweza kuwa kuzuri huku kutuma kukiwa kubovu, au kinyume chake.

Wapo wanaosema, "Kasi ni nzuri, lakini simu za video zinakatika." Kwao kipo kipimo cha tatu: iperf3 -c 192.168.1.5 -u -b 2M. Amri hii hutuma pakiti kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde bila kuzirudia zikipotea, jambo linalofanana na namna sauti na picha za moja kwa moja zinavyosafirishwa. Mwishoni huonyesha pakiti ngapi zimepotea, na muda wa kufika umeyumba kwa milisekunde ngapi. Katika mtandao mzuri wa nyumbani upotevu huwa sifuri au karibu na sifuri. Ukiwa mkubwa, hata kifurushi cha bei ya juu hakitaondoa kukatika huko.

Kusoma majibu

Tuchukue mfano wa mwenye duka la kutoa nakala na kuchapa, anayelipia intaneti ya hadi megabiti 20 kwa sekunde. Tovuti ya kupima kasi inampa megabiti 4. Wateja wanasubiri fomu zifunguke, wengine wanaondoka. Anafikiria kupandisha kifurushi hadi megabiti 40.

Kabla ya kulipa, anaweka seva ya iperf3 katika kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, na kuipima kutoka kompyuta mpakato ya chumba cha nyuma kupitia Wi-Fi. Anapata megabiti 5. Anaisogeza kompyuta mpakato karibu na ruta na kupima tena: megabiti 90. Kisha anatumia kompyuta yenye waya kupima intaneti ya nje: megabiti 19. Majibu yamejieleza. Mtoa huduma anatimiza ahadi. Kinachobana ni Wi-Fi ya chumba cha nyuma. Kifurushi cha megabiti 40 kingemgharimu kila mwezi na kumwachia megabiti zilezile 4 au 5. Dawa yake ni kuihamisha ruta, au kuvuta waya wa mita chache. Ikiwa ruta yake ina mikondo miwili, ajue kwamba ule wa gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini hubanwa na ruta za majirani, na ule wa gigahezi 5 ni wa kasi zaidi lakini huzuiwa upesi na kuta.

Sasa geuzeni mfano huo. Kompyuta mbili zenye waya zinapeana megabiti 94, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa milango ya megabiti 100, lakini intaneti ya nje, kwa waya huohuo, inatoa megabiti 4 asubuhi, mchana na usiku, siku tano mfululizo. Hapa mtumiaji amekwisha kukitakasa kipande chake. Akiambiwa, "Kagua kifaa chako," anayo majibu.

Ipo pia hali ya tatu: ndani ni kuzuri saa zote, nje ni kuzuri mchana na kubaya kuanzia jioni hadi usiku. Hiyo ni dalili ya msongamano, yaani watumiaji wengi wanagawana njia moja. Msongamano huthibitishwa kwa kumbukumbu za saa, wala si kwa kipimo kimoja.

Kumbukeni vilevile neno "hadi" katika matangazo. "Hadi megabiti 20" hutaja kiwango cha juu, haliahidi kiwango cha wakati wote. Kabla ya kusaini, ulizeni kwa maandishi kiwango cha chini kinachoahidiwa ni kipi, na kama kifurushi hupunguzwa kasi baada ya kufikia kiasi fulani cha matumizi.

Daftari na ngazi za malalamiko

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo visivyoandikwa ni sawa na visivyofanyika. Kwa kila kipimo andikeni tarehe, saa, kifaa kilichotumika, kama ni kwa waya au Wi-Fi, kipimo cha ndani, na kipimo cha nje. Pimeni angalau mara tatu kwa siku. Wakati wa kupima, hakikisheni hakuna mtu nyumbani anayepakua filamu, la sivyo mtakuwa mnayapima matumizi ya jamaa zenu wenyewe.

Pelekeni malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na mdai namba ya lalamiko. Ambatisheni jedwali la vipimo. Kwa hapa Tanzania, ikiwa mtoa huduma hatajibu au jibu lake halitaridhisha, hatua inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Lalamiko linalosema "intaneti ni mbovu" humlazimu msikilizaji kuanza upya. Lalamiko linalosema "mtandao wa ndani megabiti 94, wa nje megabiti 4, kwa waya, vipimo 15 katika siku tano" humpa fundi mahali pa kuanzia, na humnyima mzembe pa kujificha.

Tahadhari

Seva, hata ndogo, ni mlango uliofunguliwa. Ile ya Python haina nywila. Huonyesha kila kilichomo katika folda yake kwa yeyote aliye katika mtandao huo. Mtu akiianzisha katika folda yenye picha za familia, vitambulisho au hesabu za biashara, amevianika vyote. Ndiyo maana tumesisitiza folda tupu. Watengenezaji wenyewe wa Python wanaonya kwamba seva hiyo haifai kwa huduma ya kudumu. Msiianzishe katika Wi-Fi ya hoteli, mgahawa au kituo cha mabasi. Msifungue mlango katika ruta ili ionekane kutoka nje. Jaribio likiisha, bonyezeni Ctrl na C, na kama mliulegeza ukuta wa moto, urudisheni ulivyokuwa.

Pimeni mtandao wenu tu, au ule ambao mwenyewe amewapa ruhusa. Kumimina data nyingi kuelekea mashine ya mtu mwingine ni kumdhuru, na kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mwisho, vipimo vya nje hutumia kifurushi. Kipimo cha sekunde 10 kwa kasi ya megabiti 20 hutumia megabaiti 25, na ukikirudia mara 40 umemaliza takriban GB 1. Anayetumia kifurushi cha simu apime ndani kwa uhuru, lakini nje kwa kiasi.

Ndugu zetu, hatukuja kuwageuza kuwa mafundi, wala kuwachochea dhidi ya watoa huduma. Kipimo cha haki humlinda mtumiaji aliyepunjwa, na humlinda pia mtoa huduma asiye na kosa. Kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi, kabla ya kununua ruta nyingine, na kabla ya kupiga simu kwa hasira, tumieni nusu saa na kompyuta mbili. Asiye na kompyuta ya pili aazime ya jirani au ndugu. Asiyejiamini katika kuandika amri amwombe kijana wa nyumbani amsaidie, huku yeye mwenyewe akishika daftari.